Kofia ya Nne

Nilimkuta kuku akinywa maji ndani yake,
pale Kadutu, nyuma ya meza ya Mama Cibalonza muuza sambaza.
Nikachuchumaa. Kuku akanitazama kwa jicho moja,
kama karani aliyejua nimekuja bila karatasi.
"Hicho kibakuli unauza?"
"Na kuku je, atanywea kofia yako?"
Nilitoa beseni jipya la plastiki na franga elfu saba.

Nyumbani Nabintu hakuuliza.
Tatu ziko tayari chini ya kitanda, panya wamezizoea.
Alinisogezea karai na sabuni, akasema tu:
"Usikaushie taulo la mtoto."

Kofia ya chuma haisomwi kwa macho kwanza.
Husomwa kwa kidole gumba.
Ukipita ukingoni ukakuta umekunjwa kwa ndani,
laini kama pindo la sketi ya shule,
hiyo ni ya mapema, chuma kilipokuwa tele
na mafundi wa Kijerumani walilala usiku.
Ukikuta umekatwa ukaachwa,
ni ya miaka ya mwisho.
Taifa likianza kushindwa, cha kwanza kuachwa ni pindo.
Mama yangu, fundi cherehani wa Nyawera,
angelijua hilo bila kwenda vitani.

Hii ilinikwaruza.

Ribiti tatu. Ngozi ya ndani ilishaoza.
Upande wa kushoto, chini ya kutu, namba: sitini na nne,
yaani kichwa cha hamsini na sita, hamsini na saba.
Nikachukua utepe wa marehemu mama.
Nabintu: hamsini na saba.
Alisimama wima nikimpima, mikono imejaa unga,
nami ghafla nikaurudisha utepe mfukoni
nisije nikawapima watoto.

Kwa wembe nikaparua rangi, padogo tu, kisogoni.
Juu kabisa, buluu ya geti.
Chini yake masizi: kuna aliyepikia.
Chini ya masizi, chokaa.
Kisha kijivu chenye ukijani, kikavu,
rangi ya mtu aliyejificha nyasini mbali sana na huku.

Ilifikaje Bukavu?
Wajerumani waliopigana kando ya ziwa letu
hawakuwa na chuma hiki kichwani; hiki ni cha vita vilivyofuata.
Labda Mbelgiji wa shamba la kinini aliitundika sebuleni.
Labda mamluki wa sitini na saba aliitupa
akiikimbilia Ruzizi.
Labda.

Utosini kulikuwa na tundu,
limezibwa kwa plastiki ya dumu la njano iliyoyeyushwa.
Sebahire alipanda boti kutoka Goma kuja kuliona,
na lenzi yake, na viatu vyake vyeupe.
"Risasi," alisema kabla hajakaa.
"Tundu la risasi lina bei yake. Andika risasi,
nakuongezea dola thelathini."

Dola thelathini. Asifiwe alikuwa amefukuzwa shule Jumatatu.

Nikabandua plastiki, nikaielekeza kofia dirishani.
Midomo ya tundu imetazama nje.
Kilichopita hapa kilitoka ndani,
polepole, kwa nyundo, mapigo manne au matano:
mtu alitaka maji yachuruzike,
alikuwa na ua la kupanda.

Sebahire alikunywa chai yote, akaondoka bila kuaga.
Nabintu aliokota kikombe, akakiosha kwa muda mrefu
kuliko kikombe kinavyohitaji.

Usiku, kwa taa ya simu, nikaandika daftarini:

Namba nne. Ukingo haukukunjwa. Sitini na nne.
Tundu: msumari, kutoka ndani.
Aliyeivaa: sijui.
Aliyepanda ua: sijui, wala ua gani.
Aliyenywea mwisho: kuku mweupe, mguu mmoja unachechemea,
wa Mama Cibalonza, Kadutu.